Somo: Usirekebishe kina cha XBT kabla ya kujua aina ya kipima

Ndugu wanachama, XBT ni kipima kinachodondoshwa baharini kutoka melini na hakirudi tena. Kinashuka kikivuta waya mwembamba wa shaba, na joto linasomwa melini. Kilianza kutumika katika miaka ya 1960, na kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu joto la chini ya uso wa bahari ilitokana nacho. Ila jambo moja lazima likae kichwani: XBT haipimi kina. Kina hukadiriwa kwa sekunde zilizopita tangu kipima kiguse maji.

Leo tunasafisha rekodi za zamani za XBT. Hatua ya kwanza, nakili faili la asili la vipimo na usiliguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Hatua ya pili, kagua mahali na wakati. Kipimo cha mashariki ya Dar es Salaam, digrii 7 kusini na 41 mashariki, longitudo yake ikiandikwa magharibi kinatua nchi kavu Brazili. Kisha pima mwendo kati ya kituo na kituo; meli ya mizigo haiendi noti 60, yaani maili 60 za baharini kwa saa.

Hatua ya tatu, chora kila mchoro wa joto na uutazame kwa macho. Mita 3 au 4 za juu usiziamini, kwa sababu kipima bado kinazoea maji. Joto likiruka ghafla mpaka mwisho wa kipimo, huenda waya umekatika. Likibaki lilelile mita nyingi kwenye maji mafupi, linganisha na ramani ya kina: huenda kipima kimelala chini.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito. Fomula ya zamani ya kukadiria kina kwa mita ilikuwa kina = 6.472t − 0.00216t², ambapo t ni sekunde tangu kipima kiguse maji. Majaribio yakaonyesha kwamba kipima hushuka haraka zaidi, na mwaka 1995 mtafiti Hanawa na wenzake wakachapisha 6.691t − 0.00225t² kwa aina za T-4, T-6 na T-7. Kwa sekunde 100, ya kwanza inatoa mita 625.6, ya pili 646.6. Ni mita 21! Penye maji yanayopoa haraka kadiri unavyoshuka, kosa hilo linafanya bahari ionekane baridi kuliko ilivyo.

Kurekebisha ni rahisi: zidisha kina cha zamani kwa 1.0336. Hatari ni kuzidisha mara mbili. Baada ya 1995 wengine waliendelea na fomula ya zamani, wengine wakahamia mpya, na rekodi nyingi hazisemi ni ipi. Ndiyo maana nasisitiza metadata, yaani maelezo kuhusu kipimo chenyewe: aina ya kipima, kiwanda, mwaka, fomula. Bila hayo, namba nzuri haina maana.

Hatua ya tano, weka alama ya ubora kwenye kila rekodi: 1 nzuri, 2 huenda nzuri, 3 huenda mbaya, 4 mbaya. Andika pia ni ukaguzi gani uliofanya uipe alama hiyo.

Maswali ya wanachama

— Shikamoo mwalimu. Rekodi isiyotaja aina ya kipima nifanyeje?

Marahaba. Tazama kina cha mwisho, mwaka na nchi ya meli. T-4 na T-6 ziliundwa kufika mita 460, T-7 mita 760. Ukipata dalili, andika kwamba ni makisio, katika safu yake yenyewe, usichanganye na kilichoandikwa na wenye meli.

— Rekodi zile za alama 4 si nizifute tu?

Hapana, ndugu yangu. Kesho fomula bora ikipatikana, ya leo mbaya inaweza kufaa. Kilichofutwa hakirudi.

— Nina vipimo viwili vinavyofanana, kimoja joto lake limekadiriwa kwa desimali moja tu.

Huenda kimoja kilitumwa kwa redio safarini na kingine kikaja baadaye kikiwa kamili. Baki na kilicho kamili, kingine kitie alama ya marudio.

— Na vipimo vya joto la maji yaliyochotwa kwa ndoo?

Hivyo vina somo lake. Ndoo ya turubai hupoteza joto kwa mvuke, na maji yanayoingia chumba cha injini husomeka moto zaidi. Kwa leo, hakikisha tu safu ya njia ya kupimia haijaachwa tupu.