Jinsi ya kuanza kazi ya kinga ya VVU kijiweni, hatua kwa hatua

Mimi ni mwelimishaji rika, nafanya kazi na wadada wanaouza ngono, wanaume wanaolala na wanaume na wanaojidunga dawa za kulevya, na kila nikiona timu mpya inaanza na semina na fulana roho inaniuma maana watu wenyewe hawapo pale. Anzeni hivi.

Hatua ya 1: mtafute mtu wao. Sio yule muongeaji. Uliza watu watatu wanne "ukipata shida usiku unamwita nani", jina likijirudia ndo huyo, mfundishe na mlipe, kazi ni kazi.

Hatua ya 2: ramani na rejista. Kaa nae mchore vijiwe na saa watu wanapojaa. Majina msiandike kabisa, tumieni namba za siri, na daftari lifungiwe, maana likiangukia pabaya mtu anapigwa, anafukuzwa kwenye nyumba au anakamatwa. Nimewahi kuona daftari limeachwa wazi mezani, dada mmoja akasoma jina la jirani yake, kesho yake kijiwe kizima kimehama na ilituchukua miezi kuaminiwa tena.

Hatua ya 3: nenda saa zao, na usiende mikono mitupu. Kondomu beba na vilainishi vya maji, mafuta ya mgando na losheni vinapasua kondomu za mpira. Kwa wanaojidunga, sindano mpya kila mchomo, na waambie kijiko, pamba na maji navyo havichangiwi.

Hatua ya 4: kujipima VVU, hapa usiharakishe. Kwa kile kipimo cha mdomoni, awe hajala wala kunywa kitu kwa robo saa. Anapitisha kijiti kwenye fizi za juu mara moja, za chini mara moja, anakitumbukiza kwenye kichupa na hakitoi, anasoma baada ya dakika 20, zikipita 40 asikisome tena. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, sio jibu la mwisho, akapimwe tena kituoni. Ukitoka mstari mmoja tu kwenye herufi C ya kijiti ni hasi, ila kama alijiweka hatarini ndani ya miezi 3 arudie baadae. Anaetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) tayari asijipime, kinaweza kumdanganya. Na kabla hajafungua pakiti muulize "ukikuta miwili utampigia nani?", akikosa jibu usiondoke, kaa nae.

Hatua ya 5: dawa. Aliye hasi mwelekeze kwenye PrEP (dawa za kujikinga kabla ya hatari), na mwanamke anaeanza vidonge aendelee na kondomu walau siku 7 za kwanza bila kuruka dozi. Kondomu ikipasuka au mtu akibakwa, PEP (dawa za dharura baada ya hatari) inaanza ndani ya saa 72, kadri inavyowahi ndo bora, anameza siku 28. Sindano ya kinga ya lenacapavir, ya kila miezi 6, WHO (Shirika la Afya Duniani) waliipendekeza Julai 2025, kama imefika ulipo waambie. Aliye chanya aanze ARV mapema, na mwambie hivi, rudia hata mara tatu: virusi vikishuka mpaka havionekani kwenye kipimo, humwambukizi mwenza kwa ngono.

Hatua ya 6: rufaa ni kumsindikiza, sio kumpa karatasi. Ongea na nesi mmoja mapema, mkubaliane mtu wako asipangwe foleni ya kutazamwa na kila mtu. Ukirudi kijiweni msalimie kama wenzake, habari za dawa usimuulize mbele za watu.