Kung'oa programu ya mlango wa nyuma kwenye kompyuta ya Windows

Bando likiisha kabla ya jioni na hukutazama video yoyote, chunguza kompyuta yako. Anayetumia hotspot ya simu hugundua mapema. Mwenye faiba ya nyumbani anaweza kukaa miezi bila kujua. Kwenye Windows 10 na 11, sehemu ya Data usage ndani ya Settings huonyesha kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30. Jina usilolijua lililomeza mamia ya MB ndilo la kuanzia. Dalili nzito zaidi ni Windows Security kuzimika na kukataa kuwashwa.

Programu ya mlango wa nyuma humruhusu mtu wa mbali kuingia kompyutani bila nywila yako, asome mafaili na hata unachochapa. Wengi hukosea hapa: wanafuta faili moja, wanapumua, kesho yake limerudi. Limerudi kwa sababu amri inayoliwasha haikuguswa. Hiyo amri ndiyo ya kuwinda.

Kwanza funga brauza na programu zote, subiri dakika mbili, fungua Command Prompt kama administrator na uandike netstat -ano. Utaona mistari kama huu:

TCP 192.168.0.14:50112 203.0.113.45:4444 ESTABLISHED 6128

Anwani ya kwanza ni ya kompyuta yako, ya pili ni ya huko inakozungumza, na 6128 ni namba ya mchakato unaozungumza. Poti 4444 (namba iliyo baada ya nukta mbili kwenye anwani ya pili) inatia shaka, lakini usitegemee poti peke yake: programu hasidi nyingi hupitia 443, ileile ya tovuti za kawaida. La muhimu ni nani anazungumza. Piga picha ya skrini kwa simu, kisha kata intaneti: zima waifai au chomoa kebo.

Fungua Task Manager, nenda Details, tafuta namba ile, bofya kulia na uchague Open file location. svchost.exe halisi hukaa C:\Windows\System32. Ukiikuta ndani ya AppData au Temp, ni bandia. Soma herufi moja moja pia, maana scvhost.exe hupita macho kwa urahisi. Andika njia kamili ya faili kabla ya kusimamisha chochote.

Sasa amri yenyewe. Kwenye kompyuta safi pakua Autoruns, programu inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, kutoka tovuti ya Microsoft, uilete kwa flashi (flashi hiyo utaifomati baadaye, usiichomeke kwingine). Iendeshe kama administrator na ufiche maingizo ya Microsoft. Mistari ya pinki ni ya programu zisizo na sahihi ya kidijitali inayothibitika. Si zote ni mbaya, ila zikaguliwe zote. Tazama kwa makini vichupo vya Logon, Services, Scheduled Tasks na WMI. Kazi inayoita powershell au wscript kila baada ya dakika chache, ikielekeza kwenye folda ya AppData, ndiyo inayofufua faili ulilofuta. Ondoa tiki kwanza badala ya kufuta, ili ukikosea uweze kurudisha. Kisha simamisha mchakato, futa faili, washa upya.

Kabla ya kuskani, ingia Windows Security, sehemu ya Exclusions. Programu hasidi hupenda kujiandika hapo ili isikaguliwe, na wakati mwingine huandika C:\ nzima. Ondoa usichokiweka wewe. Halafu endesha Microsoft Defender Offline: kompyuta inajizima na kuwaka upya, na ukaguzi huchukua kama dakika 15.

Antivirusi haitalalamika kuhusu AnyDesk au TeamViewer, kwa kuwa ni programu halali za kuendesha kompyuta kutoka mbali. Fundi akikusaidia kwa mbali, iondoe akimaliza. Kwenye Command Prompt andika pia net localgroup administrators, uone akaunti zenye mamlaka ya administrator. Jina usilolitambua humo ni hatari.

Kama faili au jina hilo linarudi, au Defender bado haiwaki, acha kubishana na mashine. Sakinisha Windows upya kwa flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi, ukifuta sehemu zote za diski. Okoa nyaraka na picha pekee, acha mafaili ya .exe, .scr, .js, .bat na .lnk. Acha pia vile vya kuamilisha Windows bila leseni, maana mara nyingi mlango uliingia navyo. Ukinunua mashine iliyotumika Luthuli au Moi Avenue jijini Nairobi, fanya hivi kabla ya kuingiza nywila yoyote.

Nywila zibadilishe kwa kifaa kingine kilicho safi: barua pepe kwanza, kwa sababu ndiyo hurejesha nyingine zote, halafu benki, iTax (ya kodi) na eCitizen (ya huduma za serikali). Toka pia kwenye vifaa vyote kupitia mipangilio ya kila akaunti. Vidakuzi (cookies) vilivyoibwa vinaweza kumwacha mwizi ndani hata nywila ikibadilika. Tukio unaweza kuliripoti kwa KE-CIRT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kompyuta ikishakuwa safi, hifadhi orodha ya Autoruns kwa Save. Wiki mbili baadaye ilinganishe kwa Compare. Maingizo mapya yatajitokeza kwa rangi ya kijani.