Diwani mpya: jinsi ya kuifikisha kero ya kata barazani mpaka ipate jibu

Nimetoka kumsaidia diwani wa mara ya kwanza kuandaa taarifa yake ya kata, na aliyoniuliza ndiyo wanayouliza wapya karibu wote. Ninaandika kwa kufuata utaratibu wa halmashauri za wilaya za Tanzania Bara. Walioko manispaa watakuta majina ya kamati yanatofautiana kidogo, ila njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Kero iwe na maandishi

Ipitie mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata (WDC), ambayo wewe ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu. Chukua nakala ya muhtasari uliosainiwa.

Kwa kumbukumbu zako tumia daftari: tarehe, kitongoji, kero, ilipofikia. Makundi ya WhatsApp siyapendi kwa kazi hii. Kero ya bomba inaingia asubuhi, jioni imeshafunikwa na salamu na matangazo ya misiba, na aliyeileta anabaki akiamini diwani wake amempuuza.

Hatua ya 2: Jua kero ni ya nani

Hapa ndipo robo mwaka nzima inapopotea. Diwani anasimama na kusema kwa uchungu kwamba barabara imekatika, wenzake wanapiga meza, Mkurugenzi wa halmashauri anajibu "tumelipokea", halafu miezi mitatu inapita bila hata kalvati moja. Mara nyingi hakuna aliyekudharau. Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na Mkurugenzi hana fungu la kuzitengeneza. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, nenda ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya umuulize jambo moja: barabara hii imo kwenye mtandao unaousimamia? Kama haimo, ombi lako la kwanza ni iingizwe, maana kudai greda kwa barabara isiyotambuliwa ni kupoteza nafasi yako ya kusema. Angalia pia njia inayoanzia kwa TARURA na kuishia kwa TANROADS, au kinyume chake. Hapo taja kipande chenyewe, kutoka wapi hadi wapi.

Maji vijijini ni RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019. Lakini mradi ukishakamilika, uendeshaji wa kila siku uko kwa chombo cha watumia maji cha jamii. Bomba likipasuka, anzia kwao. Kijiji kisichokuwa na chanzo kabisa, hilo ni la RUWASA. Umeme ni TANESCO.

Shule za msingi, sekondari na zahanati ni za halmashauri yenyewe, na hapo Mkurugenzi anatakiwa kujibu. Hata hivyo tenganisha majengo na watumishi. Boma la darasa linaweza kukamilishwa kwa mapato ya ndani. Walimu wanaajiriwa na Serikali Kuu, hivyo ukidai "tuletewe walimu kumi" utajibiwa kwamba maombi ya ikama (idadi ya watumishi wanaohitajika) yamepelekwa, basi. Dai msawazo, yaani walimu waliopo wagawanywe upya kati ya shule: omba orodha ya walimu kwa kila shule ya halmashauri, uonyeshe palipojaa na palipo patupu. Hilo liko ndani ya uwezo wao.

Taasisi zisizo za halmashauri bado zisemewe barazani, na viongozi wake hualikwa. Ila elekeza hoja kwao kwa jina la taasisi, na uombe muhtasari uandikwe hivyo.

Hatua ya 3: Iandike kwa sentensi chache

"Wananchi wangu wanateseka na afya" haimpi mtaalamu pa kushika. Linganisha na mfano huu: "Boma la zahanati limefika usawa wa lenta kwa nguvu za wananchi, na limesimama miaka mitatu. Wajawazito wanatembea kilomita 9 kufika kituo cha jirani. Tunaomba ukamilishaji wake uingie kwenye bajeti ya mwaka ujao." Mahali, kipimo, ombi. Ambatisha picha.

Hatua ya 4: Pitia kamati kwanza

Baraza la madiwani wote kwa kawaida linapokea yaliyokwisha kuchambuliwa kwenye kamati za kudumu. Ongea na mjumbe wa kamati husika kama wewe si mmoja wao, na zungumza na mkuu wa idara kabla hujamuuliza hadharani. Akishtukizwa atajitetea tu.

Kero inayohitaji fedha ina msimu wake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango inapikwa miezi mingi kabla. Mimi husisitiza ifike kamatini kati ya Oktoba na Desemba. Ukiileta Aprili, bajeti imeshapita.

Hatua ya 5: Barazani

Mkutano wa kawaida ni kila robo mwaka. Swali la maandishi lifike kwa Mkurugenzi ndani ya siku zilizowekwa na kanuni za kudumu za halmashauri yako, zisome mwenyewe. Simama, "Mheshimiwa Mwenyekiti", soma ulichoandika. Swali la nyongeza litumie kuuliza lini na nani atasimamia.

Hatua ya 6: Yatokanayo

Mkutano unaofuata, muhtasari usithibitishwe kabla hujahakikisha ahadi yako imeandikwa kama ilivyotamkwa, pamoja na tarehe. Ikiwa imeandikwa "lilijadiliwa" tu, omba marekebisho hapo hapo. Ajenda ya yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa yaliyoamuliwa mkutano uliopita, ikifika, uliza utekelezaji.

Jibu lipeleke kwenye mkutano wa kijiji, hata kama ni hapana. Taja sababu iliyotolewa, na mwombe mtendaji wa kijiji aiandike.