SOMO: Kubadili gasketi ya hedi kwenye Hilux ya dizeli (3L na 5L) bila kurudia kazi

Wakuu, salaam. Msimu wa vitunguu ukianza tu simu yangu haipumziki. Hadithi ni ileile: pikapu imetoka Mang'ola au imepandisha mlima wa Mto wa Mbu na mzigo, imechemsha, fundi kabadili gasketi ya hedi (kibamba kinachoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake), na sasa maji yanapungua tena. Naandika mara moja, atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Vipimo ni vya injini za Toyota 3L na 5L. Mwenye D-4D, injini za dizeli mpya zaidi za Toyota, asivitumie.

Hakikisha kwanza kwamba ni gasketi. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Viputo visipokoma, au mfuniko ukirudishwa mpira wa juu ukawa mgumu kabla injini haijapata moto, mgandamizo wa silinda unaingia kwenye maji. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, jibu unalo. Ikiwa safi usijipe moyo, maana gasketi inaweza kuungua bila kugusa njia ya oili.

1. Injini ipoe kabisa. Chomoa betri, mwaga maji na oili.

2. Toa manifodi, mabomba ya nozeli, nozeli na heta plagi. Midomo ya mabomba ifunge kwa nailoni safi, vumbi letu halina adabu.

3. Linganisha alama za taimingi ndipo utoe belti. Belti ikiwa nje usizungushe krenki ovyo, valvu zitakutana na pistoni. Kama imekaribia kilomita 100,000, weka mpya.

4. Legeza bolti za hedi kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Hedi hii ni ya chuma, si alumini. Tafuta mtu wa pili wa kuinyanyua.

5. Safisha nyuso mbili kwa kikwangulio na mafuta ya taa. Grainda marufuku! Inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na unga wake unaishia kwenye beringi. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi: kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona, ukipenyeza fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Fanya hivyohivyo kwenye bloku, ambayo wengi hawaigusi. Mimi fila ya 0.10 mm ikipita napeleka kwenye mashine. Hukohuko waipime hedi kwa presha ndani ya maji, kwa sababu ufa kati ya valvu mbili unatoa dalili zilezile za gasketi, na hapo utabadili gasketi mpaka uchoke.

6. Mashimo ya bolti. Hapa ndipo gari la mteja lilinirudia, kwa hiyo soma taratibu. Ukinyanyua hedi, maji na oili vinamwagikia kwenye mashimo. Ukiingiza bolti juu yake, kimiminika hakina pa kwenda. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) italia "kliki" kama kawaida, kumbe bolti inasukumana na maji na gasketi haijabanwa. Ukiendelea kulazimisha, bloku inaweza kupasuka. Vuta maji kwa bomba la sindano, puliza kwa kompresa ukiwa umeziba silinda kwa matambara, kisha ingiza kitambaa kwenye bisibisi uguse chini ya kila shimo. Kikitoka na unyevu, rudia. Nyuzi zikiwa na kutu, pitisha bolti kuukuu uliyoikata mfereji kwa msumeno, izoe uchafu.

7. Gasketi zake zina unene wa aina tatu, na kila moja ina alama yake: B, D na F, F ikiwa nene zaidi. Soma ya zamani kabla hujaitupa. Unene unategemea pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo kama pistoni zimebadilishwa au bloku imesagwa, pima upya kwa geji ya saa na ufuate pistoni iliyochomoza kuliko zote. Muuza spea akikwambia "zote sawa tu", toka dukani. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni itagonga. Nene mno, asubuhi ya baridi utasukuma gari. Gasketi inakaa kavu. Silikoni hapana.

8. Paka nyuzi za bolti oili kidogo, na chini ya kichwa chake. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka Nm 78 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki), kwa awamu. Kisha weka nukta ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Zungusha zote nyuzi 90, halafu zote 90 tena. Ukimaliza, nukta zote ziwe zinatazama nyuma. Yenye nukta pembeni hujaimaliza.

9. Rudisha vitu, na washa za nozeli ziwe mpya. Valvu zikiwa baridi ziwe na nafasi ya 0.20–0.30 mm za kuingiza, 0.40–0.50 za kutolea. Toa hewa kwa pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli.

Nawasilisha.

MASWALI

Kijana wa Sakina: Mkuu gari yangu inachemsha, nibadili gasketi?

Mwandishi: Aya ya pili.

Kijana wa Sakina: Sina muda wa kusoma yote, niambie tu bei ya kazi.

Mwandishi: Asiye na muda wa kusoma ampelekee fundi gari na pesa.

Dereva Mstaafu: Mdogo wangu, tumekaza hedi kwa mkono na bomba tangu enzi za malori ya Bedford, na zilitembea.

Mwandishi: Shikamoo kaka. Zilitembea, na zilikuwa zinakazwa tena baada ya muda. Hizi zinakazwa kwa nyuzi za pembe, zile 90 mara mbili, na hazirudiwi. Mkono wangu haujui Nm 78, na sijaona unaojua.

Mama Ndizi, Kibosho: Samahani fundi, mimi si wa ufundi, gari ni la biashara. Hedi yangu imesagwa lakini fundi anasema vile vikombe vidogo ndani ya hedi vimelegea. Ni kweli au ananiongezea gharama?

Mwandishi: Ni kweli kabisa mama, na umeuliza vizuri. Hivyo ni vyumba ambamo dizeli huanza kuwaka kabla ya kufika kwenye pistoni. Vikilegea au vikichomoza vibaya vinakandamiza gasketi isivyo sawa, itaungua palepale. Hedi ikisagwa, vikombe navyo vishughulikiwe, na kina cha valvu kipimwe. Mwambie akuonyeshe kwa rula, utaona mwenyewe kama mwanga unapita. Akikataa kukuonyesha, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Mama Ndizi, Kibosho: Ahsante sana. Na thamostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa moto, ameitoa, anasema huku kwetu haina kazi.

Mwandishi: Airudishe. Thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Mlimani utachemsha zaidi.

Mpare wa Njiro: Na mfuniko wa rejeta? Wangu hauna springi, nafunga tu na mpira.

Mwandishi: Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Springi ya mfuniko ndiyo inayoshikilia presha yasichemke mapema. Nunua mfuniko kabla hujanunua gasketi.

Dereva Mstaafu: Hapo nakuunga mkono. Na waambie wanaopita porini watoe mbegu za nyasi mbele ya rejeta, wapulize kutoka upande wa feni.

Mwandishi: Sawa kaka. Wenye kondensa ya AC waisogeze mbele kwanza, nyasi zinajificha katikati.