Kupiga picha kwenye mwanga mgumu kwa kamera ya zamani

Kamera yangu ya kazi ina megapikseli 6, na skrini yake ya nyuma ni ndogo kiasi kwamba mteja akitaka kuona picha tunagonganisha vichwa. Kwenye mwanga laini haina neno. Taabu huanza mtu anaposimama mbele ya dirisha, au bibi harusi mwenye gauni jeupe anapomshika mkono bwana harusi mwenye suti nyeusi juani saa saba mchana. Sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) za miaka ile hazina uvumilivu. Sehemu nyeupe ikishaungua, yaani ikiwa nyeupe tupu, imekwenda, hakuna programu ya kuirudisha. Sehemu ya giza nayo, ukiivuta kwenye kompyuta, inatoa chenga na michirizi. Unabanwa huku na huku, na nafasi iliyobaki katikati ni finyu.

Hatua ya 1: Iandae kamera mapema

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la sensa, badala ya JPEG, picha ya kawaida ambayo kamera imeshaipika. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12, iliyo kwenye kamera nyingi za zamani, ina ngazi 4,096. Kisha washa lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zimetemete kwenye skrini.

Halafu ingia kwenye menyu upunguze kontrasti ya picha (tofauti kati ya angavu na giza). Wengi hushangaa: kama napiga RAW, kontrasti inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu histogramu unayoiona nyuma ya kamera (ule mchoro kama mlima, giza kushoto na mwanga kulia) imetokana na JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili, hata kama hukuomba JPEG. Kontrasti ikiwa juu, histogramu itakuambia picha imeungua wakati bado kuna nafasi.

Hatua ya 2: Amua picha ni ya nani

Kabla ya kugusa kitufe, tafuta kitu kimoja ambacho kikiharibika picha haina maana tena. Mara nyingi ni uso. Siku nyingine ni shela, kwa sababu aliyeivaa atataka kuona kila uzi wake. Vingine viruhusu vipotee. Taa, jua lenyewe, mng'ao kwenye bati la gari, na hata anga nje ya dirisha vinaweza kuungua na hakuna atakayeuliza.

Hatua ya 3: Pima, kisha isahihishe kamera

Kipimo cha mwanga hakijui kinatazama nini. Kila unachokielekezea hukiona kama kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera italifanya la kijivu. Suti nyeusi ikijaza, itaipausha. Kwa hiyo tumia kitufe chenye alama ya +/-: kwa cheupe ongeza stopu 1 hadi 1⅔, kwa cheusi punguza kiasi hichohicho. (Stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu.)

Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu zaidi. Uso wa mtu mweusi ukijaza fremu, kamera huupandisha mpaka anatoka kama aliyepakwa majivu. Punguza ⅔ ya stopu, pengine moja nzima. Lakini mtu huyohuyo akisimama mbali mbele ya ukuta mweupe mambo yanageuka: ukuta unaitisha kamera, inafinya mwanga, na uso unabaki kivuli chenye meno. Hapo unaongeza.

Ukitatizika, tumia kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana hata rangi za ngozi zikitofautiana, na kwa kawaida kiganja hung'aa kuliko kile kijivu cha kati kwa karibu stopu moja. Kiweke kwenye mwanga uleule unaoangukia uso wa unayempiga, kipime kwa kipimo cha doa (kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu), kisha ongeza stopu moja. Kamera ikisema f/5.6 (uwazi wa lenzi; namba ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa) kwa 1/250 (sekunde ambazo shata hubaki wazi), weka f/5.6 kwa 1/125, ukiwa kwenye M, yaani unapanga mwenyewe, ili isijibadilishe. Kama kamera yako haina kipimo cha doa, sogeza kiganja karibu na lenzi mpaka kijaze katikati ya fremu. Kuwa nje ya fokasi si tatizo, tunapima mwanga tu.

Hatua ya 4: Piga moja ya majaribio usome histogramu

Usiamini picha iliyo kwenye skrini. Gizani skrini hung'aa na picha mbovu ikaonekana nzuri. Juani inafifia na unajikuta ukiongeza mwanga bure. Tazama ule mlima. Ukiegemea ukuta wa kulia, umeunguza. Ukiwa wote umejibanza kushoto, utalipa kwa chenga. Unataka mguu wake wa kulia ukaribie ukuta bila kuugusa, kwa sababu nusu ya zile ngazi 4,096 zimo katika stopu moja tu ya juu kabisa, na kila ukishuka stopu zinapungua nusu tena.

Kuna mtego hapa ulionigharimu kazi nzima. Nilipiga onyesho la jukwaani lenye taa nyekundu, histogramu ikiwa imetulia katikati, hakuna kilichometa. Nyumbani nikakuta nyuso zote ni mabaka mekundu bapa, hazina pua wala mashavu. Kamera nyingi za zamani huonyesha histogramu moja tu ya mwangaza wa jumla, na hesabu yake huipa kijani uzito mkubwa kuliko nyekundu, kwa hiyo nyekundu iliungua peke yake kimyakimya. Tangu hapo, nikiona taa nyekundu au ya bluu na histogramu ni moja, napunguza stopu moja nzima bila kubishana.

Hatua ya 5: Usiiogope ISO

ISO ni namba ya jinsi kamera inavyokuza mwanga iliyoupata. Wapiga picha wengi wenye kamera kuukuu hung'ang'ania ISO 400 ukumbini, picha zinatoka giza, halafu wanazivuta stopu mbili kwenye kompyuta. Kwa kamera nyingi za umri huo ni kosa. Ukipandisha ISO, ishara ya sensa inakuzwa kabla ya kugeuzwa kuwa namba, na sehemu ya kelele (uchafu wa umeme unaozaa chenga) huingia baada ya hapo. Ukivuta baadaye, unaikuza na kelele hiyo. ISO 1600 iliyopata mwanga wa kutosha ni safi kuliko ISO 400 iliyovutwa. Chenga zipo, ndiyo, lakini ni chenga laini, si ile michirizi kama shuka la mistari.

Fungua lenzi kwanza, kisha shusha shata mpaka mkono unapoweza kuvumilia (lenzi ya 50 mm kwenye sensa ndogo, usiende chini ya 1/80), ISO iwe ya mwisho.

Hatua ya 6: Mwanga ukiwa nyuma ya mtu

Njia rahisi ni kumgeuza. Kama haiwezekani, jaza uso kwa flashi, hata mchana. Kwenye jua kali, ISO 200 hukupa f/16 kwa 1/200, ambayo ni sawa na f/11 kwa 1/400. Kamera nyingi haziruhusu flashi kuwaka shata ikizidi karibu 1/200, na kwenye f/16 kiflashi cha juu ya kamera hakifiki popote. Hapa uzee una faida yake: Nikon D70 ya 2004 na D40 ya 2006 huruhusu flashi mpaka 1/500. Ukiwa na mojawapo, weka f/11 kwa 1/400, shusha nguvu ya flashi stopu moja, na usimame mita moja na nusu hadi mbili.

Hatua ya 7: Kwenye kompyuta

Vitu visivyotembea, kama chumba chenye dirisha, vipige mara tatu kwenye stendi: kawaida, stopu -2 na stopu +2, uje kuziunganisha picha hizo. Watu hawasubiri hivyo. Kwa picha ya mtu, anza kwa kushusha sehemu angavu, kisha pandisha vivuli kidogokidogo huku ukitazama kwa asilimia 100. Mimi huishia kwenye stopu moja. Michirizi ikianza kutokeza kwenye koti la bwana harusi, rudisha nyuma na uliache koti jeusi.