Ulezi wa muda wa mbwa hapa Unguja: hatua ninazozifuata

Masika yakianza, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hufungwa, na mbwa waliokuwa wakiishi kwa mabaki ya majiko ya Paje na Jambiani hubaki na mchanga mtupu. Hapo simu huanza kulia: mbwa kazaa chini ya ngalawa, mbwa kagongwa na gari, mbwa kaingia uani kwa mtu na hataki kutoka. Mabanda ya kituo chetu cha kuokoa mbwa, ambako mimi ni mratibu wa walezi, hujaa ndani ya siku chache. Na mbwa akikaa bandani miezi na miezi huharibika. Hubweka mchana kutwa, hukonda, hushtuka kila kinachosogea. Dawa yake ni nyumba ya mtu, hata kama ni kwa wiki sita tu.

Hiyo tunaiita ulezi wa muda. Mlezi hammiliki mbwa, anamtunza mpaka apone, akue, au apate mwenyewe wa kudumu. Chakula, dawa na daktari ni juu ya kituo. Naandika kwa yeyote anayetaka kuanza kazi hii Unguja au Pemba, kwa sababu miongozo niliyoisoma mwanzoni iliandikwa kwa nchi ambazo mbwa hulala sebuleni. Kwetu kazi inaanzia kwenye nyumba na majirani wake, mbwa anafuata.

Hatua ya 1: Zungumza habari ya dini kabla hujaulizwa

Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kila aliyepita chuo cha Kurani anaijua hukumu: mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mratibu anayelikwepa jambo hili atapata walezi wanaosema ndiyo kwa kuona haya, kisha wanamrudisha mbwa baada ya siku mbili.

Mimi nalianzisha mwenyewe, tukiwa bado barazani. Namwambia mwenye nyumba kwamba mbwa atakaa nje, uani au shambani, na ndani haingii. Namkumbusha kuwa kikavu kikigusa kikavu hakinajisi, kwa hiyo kupitiwa na mbwa mkavu hakumlazimu mtu kubadili nguo. Shida ni mate, na mbwa aliyelowa mvua. Kwa hiyo nguo ya kumhudumia mbwa iwe moja, itundikwe nje, na bakuli lake, kamba yake na brashi yake visikanyage jikoni abadani. Karibu na bomba la uani tunaweka ndoo yenye mfuniko, imejaa udongo safi uliochekechwa, na kata yake pembeni. Mlezi akimaliza kazi anachota udongo, anajitwahirisha hapo hapo, anaingia kuswali bila wasiwasi. Ndoo hiyo imenipatia walezi wengi kuliko maneno yangu yote.

Ukikutana na mtu anayesema mbwa hafugwi kabisa, usibishane naye. Mweleze kwa upole kwamba hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na akitaka undani amuulize shekhe wake. Akikataa, muage vizuri. Kuna bibi mmoja wa Fuoni alinikatalia mbwa katakata, lakini kila Jumamosi hutuchemshia sufuria nzima ya vichwa vya samaki. Ni yeye aliyenikumbusha habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake.

Hatua ya 2: Sheha, kisha majirani

Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka dume mmoja kijana kwenye nyumba yenye ua mzuri na mlezi mwenye moyo. Sikubisha hodi nyumba ya pili. Kumbe ukuta wa nyuma unapakana na njia ya watoto wa chuo, wanapita alasiri na juzuu zao mkononi. Siku ya tatu geti likasahauliwa wazi, mbwa akatoka kuwakimbilia kwa mchezo, mtoto mmoja akakimbia, akaanguka, akachubuka goti. Hakung'atwa. Lakini nilikwenda na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kumwomba radhi mama yake, na mbwa akarudi bandani jioni ile ile. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo utaratibu ni mmoja. Naanza kwa sheha wa shehia, nikiwa na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi, ili siku likitokea neno asiwe wa mwisho kujua. Kisha nazipitia nyumba zote zinazopakana, baada ya alasiri, watu wakiwa wametulia. Nauliza watoto wanapita wapi, kuku wanafungiwa wapi, na chumba cha mgonjwa au cha mzee kiko upande gani. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Karibu."
"Ahsante. Nimekuja kukuomba ruhusa. Jirani yako anataka kumlea mbwa mgonjwa kwa mwezi mmoja."
"Mbwa! Na kuku wangu je?"
"Banda lake litakuwa upande wa pili, bibi, na atafungwa. Kuku wako akiliwa, nalipa mimi, siku hiyo hiyo."

Na ulipe kweli. Tenga fungu dogo la kuku waliouawa na kamba za nguo zilizokatwa. Ukilipa kuku mmoja bila kubishana, mtaa mzima utasikia.

Hatua ya 3: Tafuta walezi kwenye sehemu zao

Tangazo la mtandaoni huleta watu wenye huruma, lakini wengi wao wamepanga chumba kimoja. Walezi wangu wa kudumu nimewapata kwingine. Wenye mashamba ya mihogo na migomba wanaosumbuliwa na kima. Walinzi wa nyumba za wageni, wakiwemo vijana wa Kimaasai wanaokesha peke yao usiku na wanafurahi kupata mwenzao. Familia za Kikristo kutoka Bara. Wageni wakazi wa Mbweni na Jambiani, ila hao uwaulize mapema tarehe ya kusafiri. Wasasi, yaani wawindaji, wa kusini wanawajua mbwa kuliko sisi sote, lakini usiwape mbwa wa kulea bila kukubaliana kwamba haendi msituni.

Kabla ya kukubali, nenda ukaone kwa macho. Tikisa geti. Angalia kivuli kipo wapi saa saba mchana, na maji ya mvua yanatuama wapi. Ongea na mtu atakayemlisha hasa, maana mara nyingi anayesema ndiyo ni baba na anayebeba bakuli ni msaidizi wa nyumbani ambaye hakuulizwa. Kisha weka mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: mbwa ni wa kituo, hauzwi, hapewi mtu mwingine, na mlezi anaweza kumrudisha wakati wowote bila kulaumiwa. Hayo ya mwisho yasome kwa sauti.

Hatua ya 4: Mbwa asitoke kituoni kabla ya siku 14

Hapa usilegeze. Mbwa mpya hukaa karantini siku 14, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo, huweza kujificha kwa muda wote huo kabla mbwa hajaanza kuhara damu. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Ukipeleka mbwa mmoja mwenye parvo, ua wa mlezi huyo haufai tena kwa kijibwa asiyechanjwa kwa muda mrefu. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha jiki, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, iachwe dakika kumi.

Ndani ya siku hizo mbwa hupewa dawa ya minyoo, ya kupe na viroboto, na ukurutu ukiwepo hutibiwa, maana aina moja huhamia kwa binadamu na kumwasha. Vijibwa huanza chanjo ya parvo na homa ya mbwa (distemper) wakiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12. Aliyekomaa ahasiwe au afungwe kizazi kabla hajaenda kwa mlezi. Jike mwenye joto atakuletea madume ya shehia tatu ukutani, na mimba ya mbwa ni siku 63 tu.

Kuhusu kichaa, Pemba inatufundisha. Chanjo ya mbwa kisiwani kote ilianza 2010, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Kampeni zilipolegea, virusi vikaingia tena mwishoni mwa 2016, na ikabidi kuchanja upya kisiwa kizima mpaka vikazimwa Oktoba 2018. Mbwa mmoja asiye na chanjo akivushwa kwa boti anaweza kuurudisha mzigo wote huo. Sisi hatuvushi mbwa asiye na kadi, hata aombe nani.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza

Mpeleke asubuhi, ili apate mchana mzima wa kuizoea nyumba. Mfunge kamba ndefu ya nailoni, si mnyororo mfupi, na mwache ajifiche akitaka. Watoto wasimwendee. Aje mwenyewe. Siku tatu za mwanzo wengi hawali vizuri, hilo lisikutishe, bora anywe maji.

Chakula chetu ni ugali laini wa dona uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa bila chumvi, mara mbili kwa siku. Mwandikie mlezi vitu vya kuepuka na uibandike karatasi ukutani. Mabaki ya pilau na biriani hapana, vitunguu na saumu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huvunjika ncha kama sindano. Panadoli na diclofenac hapana, hata kama anachechemea. Na kwa walezi wa pwani: wavuvi wakimtupa bunju mchangani, mzikeni haraka. Sumu ya samaki huyo huua mbwa kwa saa chache tu.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa kuona

Tuna kundi la WhatsApp, na kila mlezi hutuma picha mbili Jumatatu na Alhamisi: moja ya mbwa amesimama ubavu, ya pili ufizi. Hiyo ya ufizi ndiyo ya maana. Unainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, unabonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, unaachia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili.

Asubuhi moja mlezi wa Bububu, mwalimu wa skuli, alinitumia picha akaandika maneno matatu: "Huyu si mzima." Macho ya mbwa yalikuwa angavu, mkia juu, lakini ufizi ulikuwa mweupe kama nazi. Nilimwambia apekue masikio na katikati ya vidole. Kwenye kidole cha nje cha mguu wa nyuma akakuta kupe watatu wamevimba kama punje za mtama, na mmoja ndani kabisa ya sikio. Saa nne tulikuwa kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa homa ya kupe, na alipona kwa vidonge vya wiki nne. Bila picha ile tungemjua siku ambayo damu ingemtoka puani.

Weka daftari moja la karatasi pia, lenye uzito, dawa na tarehe. Simu huingia maji.

Hatua ya 7: Siku ngumu

Akimng'ata mtu, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa hauawi wala hafichwi. Anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Sheha apewe taarifa na wewe mwenyewe, kabla habari haijafika barazani.

Ramadhani sogeza mlo wa jioni baada ya futari, na nyumba ikiwa imelala adhuhuri usiende kukagua. Usiku wa kuamkia sikukuu ni wa fataki, na ndio usiku ambao mbwa wengi hutoroka. Siku hiyo afungiwe bandani mapema, na kola iwe na namba ya simu ya kituo.

Hatua ya 8: Kumwondoa

Mbwa akipata mwenyewe, mlezi aambiwe wa kwanza, na apewe nafasi ya kumchukua yeye akitaka. Wengine hulia. Mzee mmoja wa Makunduchi alimfuata mbwa hadi kwenye gari, akamfungia begi dogo la dagaa kwa safari, akaondoka bila kugeuka. Mpe mwenyewe mpya kadi ya chanjo, nakala ya daftari, na gunia alilokuwa akilalia bila kulifua, harufu yake humtuliza.

Kamba na bakuli nazirudisha kituoni. Ndoo ya udongo siichukui. Naiacha pale pale bombani, na baada ya wiki mbili nampigia mlezi kumuuliza kama imebaki na udongo, au tumletee mwingine.