Jinsi ya kuwasoma Paulo na Yakobo bila kuwagombanisha

Mabishano ya imani na matendo mnayajua yanavyoenda, mmoja anarusha Warumi 3:28 ya Paulo, kwamba mtu anahesabiwa haki (yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki) kwa imani bila matendo ya sheria, mwenzie anajibu na Yakobo 2:24, kwamba ni kwa matendo na si kwa imani peke yake, wanarudia hivo hivo mpaka mtu anakasirika. Shida ni mistari ya kuokoteza. Ukitaka kulielewa hili jambo kaa chini na Biblia yako, usikimbie.

Anza na Waefeso 2 ila usiishie mstari wa 9. Wa 8 na 9 karibu kila mtu anaujua kwa kichwa, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Wa 10 wengi wanauruka na ndo unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Angalia mpangilio wake: neema inatangulia, imani inapokea, matendo yanafuata.

Hatua ya pili jiulize kila mmoja alikuwa anapambana na nani. Paulo kule Galatia anapambana na watu wanaowaambia waamini wa mataifa kwamba bila kutahiriwa bado hawajakamilika. Yakobo shida yake ni nyingine kabisa, yeye anaona mwenye pete ya dhahabu anaingia kwenye kusanyiko anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa simama pale, anaona ndugu hana nguo wala chakula cha siku anaambiwa nenda kwa amani ukaote moto na kushiba, basi, hapewi kitu! Hiyo imani ya mdomoni ndo anayoiita imefa, na anasema hata mashetani wanaamini na wanatetemeka.

Sasa fungua Mwanzo, hapa usiende haraka maana wote wawili wanamtumia Abrahamu. Paulo anashika Mwanzo 15:6, Abrahamu hana mtoto, anaambiwa ahesabu nyota, anamwamini Mungu na anahesabiwa haki. Ishmaeli hajazaliwa bado. Tohara inakuja sura ya 17, Abrahamu ana miaka 99 na Ishmaeli ana 13, yaani alihesabiwa haki zaidi ya miaka 13 kabla ya kutahiriwa, na hiyo ndo hoja nzima ya Warumi 4. Yakobo anaenda mbele mpaka Mwanzo 22, Isaka ashakua, anabeba kuni mwenyewe kupanda mlimani, na Yakobo anasema pale andiko la 15:6 lilitimizwa. Imani ni ile ile, mmoja anaiangalia inapoanza na mwingine anaiangalia imekomaa.

Ukijadiliana na mtu wa dhehebu lingine usimsingizie. Waprotestanti wengi wanaamini Wakatoliki wanafundisha kujiokoa kwa matendo, lakini Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 kwenye kanuni yake ya kwanza kabisa kuhusu kuhesabiwa haki ulikataa kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Mungu kupitia Kristo. Na Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, naye hakufundisha watu waishi wanavyotaka. Tofauti zipo na ni za kweli, Trento walikataa imani peke yake kwa maana ya kwamba hakuna kingine kinachohitajika, ila tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu na si kwa stahili yetu, Wamethodisti wakajiunga 2006.

Mwisho angalia unaongea na nani kabla hujatoa mstari. Aliyelemewa na dhambi zake anayeuliza afanye mema mangapi ndo Mungu amkubali, huyo mpe Warumi 4 na yule mnyang'anyi wa msalabani kwenye Luka 23, hakuwa na muda wa kutenda chochote na aliahidiwa Paradiso siku ile ile. Ila anayesema mi nimeokoka basi huku amemfungia mlango ndugu mwenye njaa, msomee Yakobo 2 yote, na wala usimpunguzie makali.